Nywele za uzi bila kung'oa za mbele: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mtindo wa uzi umerudi. Wasichana wanaingia saluni kwangu hapa Kirumba, Mwanza, na picha ya mama au bibi yao kwenye simu, picha ya miaka ya 70 au 80: kichwa kimegawanywa viboksi, kila fungu limeviringishiwa uzi mweusi kuanzia shina mpaka ncha, mafungu yamepindwa yakakutana utosini. "Dada, nataka hivi hivi."

Hao hawanisumbui. Wanaonipa huzuni ni wale wanaokuja baada ya kujaribu nyumbani. Mmoja uzi wote umeteleza kabla ya siku ya pili. Mwingine hajalala kwa maumivu. Mwingine amefumua kwa mkasi, akakata uzi na nywele pamoja. Makosa ni yale yale kila mara, na karibu yote hutokea katika sentimita moja ya kwanza kutoka kwenye ngozi. Ndiyo maana hatua ya 5 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Usiiruke.

## Je, nywele zako zinafaa?

Uzi unafaa nywele za kipilipili ambazo ukizivuta zinafika angalau upana wa vidole vinne. Zikiwa fupi kuliko hapo uzi hauna pa kushika, utateleza hata ukisukwa na fundi wa miaka mingi.

Nywele zenye dawa zinakubali, ila kuna mahali pa kuogopa: pale nywele mpya inapokutana na ile iliyotiwa dawa. Hapo ni pembamba na hukatika upesi. Mwenye nywele za namna hiyo asuke uzi wa kuachia tu (utaona maana yake kwenye hatua ya 6), na aufumue baada ya siku 2 au 3.

Kama kichwa kina vidonda, mapunye, au ngozi inauma ukiigusa, tibu kwanza. Na kama umefumua rasta leo, usisuke uzi leo. Pumzisha kichwa wiki moja.

## Vifaa

Uzi mweusi. Sokoni Makoroboi utapata uzi wa kila aina, kwa hiyo usiulize tu "uzi wa nywele" ukalipa ukaondoka. Ushike. Uvute kwa nguvu kwenye kidole cha shahada: ukikukata kidole, utakata na nywele. Uzi mwembamba wa cherehani huanguka kwenye jaribio hili. Uzi wa nailoni unaong'aa unapendeza na haunywi maji, lakini unateleza, na anayejifunza atapata taabu nao. Uzi wa sufu ni laini ila unanyonya mafuta na kuacha manyoya kichwani. Anayeanza achukue uzi mnene wa pamba. Unashika nywele vizuri, na ukikosea unafumuka bila ugomvi.

Vingine: chanuo la meno mapana, kitana chenye mkia, vibanio 6 au 8, chupa ya kupulizia maji, fulana kuukuu ya pamba, mkasi mdogo, vioo viwili, kitambaa cha satini cha kulalia.

Mafuta kidogo. Ya nazi yanatosha. Nasema kidogo kwa sababu mafuta mengi ndiyo yanayofanya uzi uteleze. Wateja wangu wanaouza dagaa pale Mwaloni wananiambia jambo jingine pia: kichwa chenye mafuta mengi kinarudi nyumbani na vumbi lote la soko.

Muda. Kichwa kizima kwa anayejifunza ni saa 3 mpaka 4 baada ya nywele kukauka. Usianze saa mbili usiku ukiwa na safari alfajiri. Haraka ndiyo inayokaza mkono.

Umeme hauhitajiki, na hilo ndilo lililonirudisha kwenye uzi. Umeme ukikatika drayer inalala, kazi ya uzi inaendelea.

## Hatua ya 1: Chambua, kisha osha

Chambua nywele kwa vidole kwanza, halafu kwa chanuo, ukianzia ncha na kupanda kuelekea shina. Ukianza shinani unasukuma mafundo yote yakutane nchani, na huko watu huamua kuyakata.

Osha, paka dawa ya kulainisha, suuza mpaka maji yatoke safi. Mabaki ya sabuni yakifungiwa ndani ya uzi kwa wiki nzima huwasha, na mkono ukianza kukuna mashina yanalegea.

Imekuwa sawa kama chanuo linapita kutoka shina hadi ncha bila kukwama.

## Hatua ya 2: Kausha, lakini usikaushe kabisa

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa. Watu husuka nywele zikiwa zinachuruzika wakidhani maji yanasaidia kunyoosha.

Maji yanasaidia kweli, na sababu ni hii. Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo ambavyo maji huvifungua. Unywele ukikauka, vifungo hujifunga upya katika umbo lile unywele ulilokuwa nalo wakati huo. Ukikauka umejikunja, unabaki umejikunja. Ukikauka umenyooka, unabaki umenyooka mpaka uloe tena. Kazi ya uzi ni kuushika unywele wima wakati vifungo vinajifunga, basi. Nguvu ya mkono haihusiki.

Lakini unywele uliolowa ni dhaifu, unavutika kama ulimbo na kukatika. Halafu maji yaliyofungiwa chini ya uzi hayana pa kutokea. Siku ya tatu kichwa kinanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Na uzi wa pamba ukilowa hubana zaidi, kwa hiyo uliyemsuka akiwa hana maumivu huamka nayo.

Kamua kwa fulana ya pamba, usisugue. Acha upepo ufanye kazi. Unataka unyevu wa kanga iliyoanikwa asubuhi ukaigusa karibu na saa sita: si mbichi, ila kiganja kinahisi ubaridi. Zikipita hapo zikakauka, puliza maji kidogo fungu kwa fungu unapolifikia.

Paka mafuta kiasi cha punje ya harage kwa robo ya kichwa, yafute vidoleni kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Gawa kichwa

Gawa robo nne kwa mkia wa kitana, bana kila robo. Kisha kila robo igawe viboksi vya upana wa vidole viwili, kama sentimita 3 kwa 3. Boksi kubwa linafanya fungu nene, na uzi hauwezi kushika nywele za katikati, kwa hiyo fungu linachomoka kama muwa kwenye ganda. Boksi dogo sana linabeba uzito wa uzi kwa nywele chache.

Panga viboksi kama tofali za ukuta, mstari wa juu ukikaa katikati ya viwili vya chini. Hivyo ngozi haionekani kama barabara nyeupe kutoka paji hadi kisogo.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulishike: acha nje nywele laini za mbele, upana wa kidole kimoja kuzunguka paji lote na juu ya masikio. Usizisuke. Hazina nguvu ya kubeba uzi. Utazilaza kwa maji na mafuta kidogo ukimaliza, na hakuna atakayeona tofauti isipokuwa wewe mwaka ujao, ukikuta bado zipo.

Kama huna picha ya bibi ya kukuonyesha mistari, tafuta picha za Mnigeria J. D. 'Okhai Ojeikere. Alianza kupiga picha za mitindo ya nywele mwaka 1968, rangi nyeupe na nyeusi, na nyingi alizipiga kwa nyuma, kwa hiyo unaona mstari ulipoanzia na ulipoishia. Wayoruba huuita usukaji huu wa uzi irun kiko. Kwa msusi, picha ya kisogo inafundisha kuliko picha ya uso.

## Hatua ya 4: Kata nyuzi zote kabla ya kuanza

Usikate uzi mmoja mmoja huku umeshika nywele. Mimi napindua stuli, nazungusha uzi kwenye miguu yake miwili mara 20 au 30, halafu nakata upande mmoja. Nyuzi zote zinatoka urefu sawa.

Kwa nywele za urefu wa shibiri moja zikivutwa, kata mikono mitatu, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole mara tatu, kama unataka kufunika nywele zote. Kwa uzi wa kuachia mikono miwili inatosha. Tumia nyuzi 4 pamoja kwa kila fungu. Uzi mmoja peke yake unakata. Nyuzi 4 zikilala sambamba zinakuwa kama utepe, na mkazo unasambaa.

## Hatua ya 5: Funga shina

Kaa nyuma ya unayemsuka. Kama unajisuka mwenyewe, anza na robo ya mbele kushoto ambayo kioo kinakuonyesha vizuri.

Shika fungu kwa vidole vya mkono wa kushoto na ulielekeze upande litakaolala. Fungu la mbele litakalopinda kwenda nyuma lishikwe likielekea nyuma tangu mwanzo. Wengi hulishika wima, wakafunga, kisha wakalipinda kwa nguvu wakati wa kuunda mtindo. Shina linakuwa limevutwa mara mbili.

Chukua nyuzi 4. Laza mkia wa uzi, urefu wa kidole, juu ya fungu ukielekea ncha. Ubane hapo pamoja na nywele kwa kidole gumba. Kwa mkono wa kulia zungusha upande mrefu wa uzi juu ya ule mkia, mara 3, mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Mkia umezikwa chini ya mizunguko, na hakuna fundo lililopigwa.

Usipige fundo shinani. Fundo linasugua ngozi usiku kucha, na siku ya kufumua hulioni, unashika mkasi. Mizunguko 3 juu ya mkia inashika kuliko fundo.

Mzunguko wa kwanza uanzie umbali wa punje ya mchele kutoka kwenye ngozi. Huo upenyo ndio unaoruhusu fungu kugeuka kulia na kushoto bila kuvuta shina. Ukizungusha mpaka ngozini, mtindo unasimama vizuri sana siku ya kwanza. Siku ya pili utaona vipele vidogo vyeupe kwenye mashina, na hiyo ni ngozi inakuambia inang'olewa.

Mama mmoja wa kutoka Magu aliketi kwenye kiti changu akaniambia, "Mwanangu, kaza. Usipokaza itadumu vipi?" Alikuwa amesukwa mahali pengine siku 3 kabla, akataka nirekebishe upande uliolegea. Nilimpa kioo, nikamwonyesha upande ambao haukulegea. Kila boksi ngozi ilikuwa imeinuka katikati kama hema dogo, inang'aa, na juu ya sikio vinywele kama 10 vilikuwa vimeshikwa na uzi tu, vimeshaachana na ngozi. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Fumua yote." Tulifumua, na hatukusuka siku hiyo.

Mkazo haudumishi mtindo. Kinachodumisha ni nyuzi kulala sambamba, nywele kuwa na unyevu kidogo tu, na mafuta kuwa machache. Ukikaza kufidia mafuta mengi, unapata hasara zote mbili.

Jaribu kila fungu kabla ya kwenda kwa jingine. Mwambie akunje paji, afumbe macho kwa nguvu, ainamishe kichwa kidevu kiguse kifua. Akihisi mvuto popote, fumua mizunguko ile 3 urudie. Ngozi ikiinuka kama hema, fumua. Usimwambie ameze dawa ya maumivu, atazoea. Kichwa kikizoea, huenda ni kwa sababu shina limeachia. Na mvuto huo ukirudiwa kwa miaka, shina hugeuka kovu, na kwenye kovu nywele haioti tena, hata upake mafuta ya mnyonyo ya dunia nzima.

Imekuwa sawa kama fungu linalala pande zote nne bila maumivu, na ukilivuta kidogo kwa nchani mizunguko ya shina haisogei.

## Hatua ya 6: Zungusha mpaka ncha

Chagua moja kati ya mbili.

*Uzi wa kufunika:* kila mzunguko unagusa mwenzake, nywele hazionekani. Fungu linakuwa gumu kama waya na linakubali kupindwa. Huu ndio wa kwenye picha za bibi.

*Uzi wa kuachia:* kati ya mzunguko na mzunguko kuna nafasi ya nusu kidole, nywele zinaonekana. Huu ni wa kunyoosha tu, kwa mtu anayetaka kuachia nywele keshokutwa bila moto wa chanuo wala drayer.

Mkono wa kushoto unalishika fungu limenyooka, mkono wa kulia unazungusha. Unachovuta ni uzi. Nywele inakaa palepale. Ukiona kichwa cha mtu kinafuata mkono wako, unavuta nywele.

Sikiliza pia. Uzi ukilala vizuri unatoa sauti ndogo ya kukwaruza, sawasawa, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili. Sauti ikikatika, uzi umepandana. Rudi nyuma mizunguko miwili.

## Hatua ya 7: Funga ncha

Vidole viwili kabla ya mwisho, kunja ncha ya nywele irudi juu ya fungu, kisha zungusha uzi juu ya mkunjo huo. Ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele na iliyochoka kuliko zote. Ikiachwa nje inakauka na kupasuka.

Piga fundo mara mbili, kata uzi ukiacha sentimita 1. Usichome kwa kiberiti. Nailoni inayeyuka na kugandia kwenye nywele, na tone lake moto likidondoka shingoni linaacha alama.

## Hatua ya 8: Unda mtindo

Pinda kwanza bila kufunga. Lete fungu la mbele kuelekea utosini uone kama linafika lenyewe. Likifika huku shina limetulia, lifunge na la nyuma kwa uzi mfupi. Kama shina linainuka, fungu ni fupi. Lifunge na jirani yake. Kulazimisha mafungu yote yakutane nukta moja ndiko kunakowaumiza wenye nywele fupi.

Laza nywele za mbele ulizoziacha. Mtindo umekamilika.

## Kutunza

Lala na kitambaa cha satini. Asubuhi puliza maji kidogo sana kwenye ngozi, siyo kwenye uzi.

Masika na vuli beba mfuko wa nailoni kwenye pochi. Ukinyeshewa, uzi wa pamba utabana. Kaa juani mpaka ukauke, na kama unauma usisubiri, fumua. Mteja wangu mmoja anavuka na kivuko cha Kamanga kila siku kwenda na kurudi, na upepo wa ziwani ulikuwa unamfumulia ncha za mbele. Tangu ameanza kujifunga kitenge akiwa kwenye maji, anamaliza wiki bila kurudi kwangu.

Uzi wa kuachia: siku 1 mpaka 3. Uzi wa kufunika: siku 10, zisizidi 14. Mtoto wa shule wiki moja inatosha.

## Hatua ya 9: Fumua

Tafuta fundo la nchani, kata fundo tu, kisha zungusha kinyume mpaka shina. Mkasi usipite juu ya ncha kwa sababu yoyote. Ukichoka, pumzika, endelea kesho na nusu ya kichwa chini ya kitambaa.

Nywele zitatoka zimenyooka, na mawimbi madogo kwenye uzi wa kuachia. Zitenganishe kwa vidole kabla ya chanuo.

Kisha utaona bonge la nywele mkononi na moyo utashtuka. Tulia uhesabu. Kichwa cha kawaida huachia nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na siku zote 10 za uzi zilikuwa zimeshikiliwa humo ndani. Chukua chache, ziweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, uangalie mwisho wa kila moja. Yenye kitone kidogo cheupe upande mmoja, na ndefu kama nywele zako, imeanguka kwa wakati wake. Fupi isiyo na kitone imekatika: uzi ulikuwa mwembamba au nywele zilikuwa mbichi, rudi hatua ya 2 na ya 4. Na ukikuta nyingi zenye kitone zimetoka kwenye boksi moja, hasa lililo karibu na paji au sikio, hapo ulikaza. Boksi hilo liache bila kusukwa kwa miezi 3. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kufikia hapo zile mpya zinazoota kati ya zile ndefu zitakuwa zimefika karibu upana wa vidole viwili.